Mswada umeshaupanga mwenyewe kwenye Word, mbona bado tunakutoza?

Hili swali karibu kila mteja mpya analo, wengine wanauliza kwa upole, wengine wanakuja juu kabisa, na kusema kweli tunawaelewa. Mtu kaandika kitabu chake kwa muda mrefu, akakesha akiweka vichwa vya sura kwa herufi kubwa nyekundu, akapanga yaliyomo na namba za kurasa, akazungushia maua kila ukurasa, akageuza PDF, anafika hapa kwetu, tunakopanga vitabu vya karatasi na vya kusoma kwenye simu, anaambiwa hapana leta Word, na kuna gharama ya kupanga kurasa. Ya nini tena? Si kazi imeisha?

Jibu fupi ni kwamba kazi ya kwanza tunayofanya ni kuubomoa huo mpango wako wote. Na kadiri ulivyopamba ndo kadiri tunavyochelewa. Mswada mtupu, uliochapwa kama barua ya kuomba kazi, fonti moja, hauna mbwembwe, huo ndo unaenda haraka na ndo mwenyewe analipa kidogo. Ngoja tueleze kinachotokea ndani ya faili, maana wengi wakishakiona wanaacha kununa.

Fungua mswada wako kwenye Word halafu bonyeza ile alama ya ¶ pale juu. Utaona vitu ambavyo siku zote vilikuwa vimejificha, vidoti ni nafasi, vimishale ni tab, na hizo ¶ ni kila ulipobonyeza Enter. Sasa angalia mwisho wa sura ya kwanza. Utakuta ¶ zimejipanga kwenda chini kama ngazi, kwa sababu ulitaka Sura ya Pili ianze ukurasa mpya ukawa unagonga Enter mpaka ikafika. Na kile kichwa cha habari kilichokaa katikati, kimesukumwa pale kwa nafasi ishirini na kitu. Kwenye A4 ya kompyuta yako kila kitu kimetulia, ila kitabu hakitoki A4, kinatoka A5 au karibu na hapo, na ukishabadilisha saizi zile Enter zinabaki vilevile, basi kichwa cha sura kinaangukia chini kabisa ya ukurasa chenyewe peke yake, au unapata ukurasa mweupe katikati ya hadithi. Kwenye simu ndo balaa, msomaji anasukuma skrini haoni kitu, anasukuma tena haoni kitu, anadhani kitabu kimeisha.

Mwalimu mmoja mstaafu alitupigia baada ya kupata makadirio yetu, mazungumzo yalienda hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Kijana, hiki kitabu nimeshakipanga, kazi yenu ni kuprinti tu."

"Tumekiona mwalimu, ila umekipanga kwa A4."

"Sasa si mnakipunguza tu kiwe kidogo?"

"Tukikipunguza, herufi zako za saizi 12 zinashuka mpaka 8 na nusu. Wazee wenzio watakisoma kwa lenzi."

Akacheka, akatuma Word. Tungetamani wote wawe kama yeye.

Ukitaka kujisaidia mwenyewe, kila jina la sura liwekee Heading 1 pale kwenye staili za Word, vichwa vidogo Heading 2, na sura mpya uianze kwa Ctrl na Enter badala ya kugonga Enter mfululizo. Basi. Usiweke rangi, usiweke maua, hayo tuachie sisi. Zile hedingi ndo sisi tunazikamata tunazigeuza muonekano wowote, na hizohizo ndo zinazaa yaliyomo ya kwenye simu, yale ambayo msomaji anagusa jina la sura anafika. Faili moja safi linatoa kitabu cha karatasi na cha simu, faili chafu tunalisafisha mara mbili, na mara mbili ndo hela yenyewe.

Kingine ambacho wateja hawaambiwi ni hesabu ya kurasa. Printa wa ofseti, yaani ile mashine ya oda kubwa, haprinti ukurasa mmoja mmoja, anaprinti karatasi kubwa halafu inakunjwa, na karatasi ya A2 ikiprintiwa pande zote mbili ikakunjwa inatoa kurasa 16 za A5. Kwa hiyo kitabu kinakwenda kwa 16, 32, 48, hivyo hivyo. Tuseme chako kimetoka kurasa 146. Mara tisa 16 ni 144, umezidisha kurasa 2, na kwa ajili ya hizo 2 unaweza kufungua karatasi nyingine nzima, wengi watakukunjia nusu yake yaani 8, lakini bado unalipia pleti (bati la kuchapia) na karatasi kwa kurasa nyeupe zilizobaki mwishoni. Zidisha kwa nakala elfu moja uone. Hapo ndo tunapita sura kwa sura tukitafuta zile kurasa za mwisho zenye mistari miwili mitatu tu, tunabana kidogo kwenye aya za nyuma, mistari inapanda, ukurasa unaokolewa. Msomaji hatajua kilichofanyika, ila risiti ya printa itajua. Hii kazi Word hawezi kukufanyia na PDF uliyogeuza nyumbani haifanyiki kitu.

Halafu kuna bluu. Word ukiandika anwani ya barua pepe ukapiga nafasi anaigeuza kiungo, rangi ya bluu na mstari chini. Mwandishi haoni shida, kwanza inapendeza. Ila kitabu kikienda kwenye mashine ya dijito ule ukurasa unahesabiwa wa rangi, na ukurasa wa rangi una bei yake, mbali na mweusi. Unakuta kitabu cha dini au cha ujasiriamali kimejaa viungo vya YouTube, kurasa kibao ni za rangi na mteja hana habari, anashangaa mbona bei imepaa. Na hata herufi nyeusi zenyewe, PDF zikitoka vibaya ule weusi unatengenezwa kwa rangi zote nne badala ya wino mweusi peke yake, kwenye ofseti rangi zikipishana hata kidogo tu maandishi yanakuwa na kivuli, macho yanauma. Hilo tunaliangalia kabla faili halijatoka hapa.

Pambizo nazo. Word anakupa sawa kushoto na kulia. Kitabu kilichobandikwa gundi mgongoni hakifunguki kikalala kama daftari, kwa hiyo upande wa ndani lazima uachwe mpana zaidi la sivyo mwisho wa mistari unamezwa na gundi, na msomaji akivunja mgongo ili asome kurasa zinaanza kutoka moja moja.

Jalada tunaomba msilimalize mapema. Sehemu ya mbele sawa, itengenezwe hata leo mkaitangaze Instagram, hakuna tatizo. Ila jalada zima lenye mbele, mgongo na nyuma linasubiri idadi ya kurasa ijulikane na karatasi ichaguliwe, maana mgongo unapatikana kwa unene. Kurasa 200 za karatasi ya gramu 80 zinatoa kama milimita 10 hivi, ukitumia karatasi nzito zaidi inaongezeka. Watu wanakuja na mgongo wa milimita 18 kwa kitabu cha kurasa 96, jina la kitabu linahamia usoni. Na pembeni kote acha milimita 3 za ziada za kukatwa, picha ya rangi ifike mpaka huko nje, usipofanya hivyo kisu kikiteleza kidogo unapata mstari mweupe ubavuni.

Picha za ndani, tafadhali sana, msitume WhatsApp kama picha. WhatsApp inazikamua. Picha iliyokuwa inang'aa kwenye simu ikiprintiwa inatoka vumbi vumbi, kwa sababu karatasi inataka nukta 300 kwa kila inchi na ile iliyofika kwetu haina hata nusu. Itume kama dokumenti, palepale WhatsApp panaruhusu, au tumia barua pepe.

Sasa Kiswahili chenyewe. (Sisi hapa tunaandika kama tunavyoongea, kitabuni kwako hatufanyi hivi, usiogope.) Tatizo la Word ni kwamba akiwa kwenye Kiingereza anapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, na ukurasa ukishakuwa mwekundu wote hakuna anayeona kosa la kweli. Alafu kuna makosa ambayo hakuna mashine itakayoyakamata. Mtu anaandika "akafika mahari pale", na mahari ni neno halali kabisa, wazazi wa binti wanalijua vizuri. Ukisema ubadilishe yote kwa mpigo, sura ya harusi inaharibika, kijana anaonekana amelipa mahali. Kwa hiyo inasomwa kwa macho, neno kwa neno, na ndo maana uhariri una bei yake tofauti na kupanga kurasa.

Na ng' ya ng'ombe. Kile kikoma cha juu kinakuja kwa sura tatu nne, cha simu kimenyooka, cha Word kimejikunja, wengine wanatumia kile cha kona ya kibodi pale chini ya Esc, wengine wanaacha na nafasi kabisa, ng' ombe, matokeo yake ng' inabaki mwisho wa mstari na ombe inashuka chini. Kwenye kitabu cha simu msomaji akitafuta neno ng'ombe anapata matatu wakati yapo arobaini. Tunavilinganisha vyote. Pia programu ikiachwa kwenye Kiingereza inakata maneno kwa silabi za Kiingereza, utakuta ng'om mwisho wa mstari na be mwanzo wa unaofuata, wakati mtoto wa darasa la pili anajua ni ng'o halafu mbe.

Kitabu cha simu, yaani EPUB, wengi wanadhani ni PDF iliyobadilishwa jina. Sio. PDF ni ukurasa uliogandishwa, kwenye simu ndogo unavuta kushoto kulia mpaka unachoka. EPUB maandishi yanajipanga upya kufuata kioo, msomaji anakuza herufi anavyotaka, kwa hiyo kitu kinachoitwa ukurasa wa 57 hakipo. Kila ulipoandika "tazama uk. 57" inabidi iwe kiungo au "tazama sura ya 4". Tanbihi nazo zinageuka viungo.

Washairi ndo wanatupa kazi tamu na ngumu. Tarbia ya mizani 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (cha pili), kwenye karatasi ya A5 mshororo unakaa mstari mmoja bila taabu, vina vya kati vinapangana na vya mwisho vinapangana, jicho linashuka navyo. Kwenye simu mshororo haueneki, unakatika popote, pengine mizani ya kumi na moja, kina cha kati kinapotelea ndani na ubeti wa mishororo minne unaonekana kama una saba. Tunachofanya ni kuukata wenyewe palepale vipande viwili vinapokutana, utao unashuka chini umeingizwa ndani kidogo, msomaji anaelewa kwamba bado ni mshororo uleule. Hii haifanywi na kitufe, ni ubeti kwa ubeti, kwa hiyo diwani tunaitoza tofauti na riwaya hata kama maneno ni machache. Vitabu vyenye aya za Kiarabu pia, herufi zikiingia programu isiyojua kuandika kutoka kulia zinaachana au zinageuka, tunapanga halafu tunakuomba umlete mtu anayesoma Kiarabu apitie prufu, yaani nakala ya kukagua. Hapo hatubahatishi.

Ukienda kuuza kitabu cha simu Amazon, kumbuka picha nzito zinakula hela yako. Ukichagua mgao wa asilimia 70 wanakata gharama ya kufikisha faili kwa kila MB, kitabu cha picha zisizopunguzwa kinaweza kukuachia kidogo kuliko ulivyopiga hesabu.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, tunakusaidia kufuatilia. Tanzania inatoka Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya inatoka KNLS (huduma ya maktaba ya taifa ya huko), tangu 2007 ni tarakimu 13, vya kwetu vingi utaviona na 978-9987 au 978-9976 na vya Kenya 978-9966. Cha karatasi kina namba yake na EPUB ina yake, usiweke moja kote. Kindle, yaani kitabu cha simu cha Amazon, haidai, Amazon wanaweka namba yao wenyewe. Na ISBN sio hakimiliki jamani, kusajili hakimiliki ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kama kitabu ni cha shule, suala la ithibati, yaani kibali cha kutumika shuleni, ulianze kabla hata hujatuletea, kwa sababu wakikutaka ubadilishe sura mbili baada ya kuprinti, hizo nakala utazigawa bure.

Kwa hiyo ukija, leta Word moja, sura zote ndani yake kwa mpangilio, sio vipande kumi na mbili vya WhatsApp, picha kwenye folda yake na kila moja ina jina linaloeleweka. Tunahesabu kwa maneno, sio kwa kurasa. Kabla ya oda kubwa tunatoa nakala moja ya mfano ya karatasi uishike mkononi, na EPUB tunakutumia uifungue kwenye simu yako wewe na ya mtu mwingine yenye kioo kidogo. Marekebisho madogo raundi mbili yako ndani ya bei. Ukishasaini prufu ya mwisho halafu ukakumbuka aya ya kumshukuru shemeji, hiyo aya inaweza kusukuma kurasa zote zinazofuata, kwa hiyo shukrani ziandike mapema.