Barua kwa mwanangu aliyemfuata mkewe Uingereza, kuhusu leseni

Changamwe, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako na kwangu mimi. Sisi hatujambo, mvua imenyesha vya kutosha, na mgongo wangu umetulia tangu nilipoachana na malori. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti nikaona ni heri nikujibu kwa maandishi, kwa kuwa mambo yenyewe ni mengi na maneno ya simu husahaulika kabla hata bando halijaisha.

Umesema huoni sababu ya mtu aliyebeba abiria wa matatu kwa miaka, kisha akaendesha pikapu ya kampuni kati ya Mombasa na Voi, kuambiwa akafanye mtihani wa udereva upya pamoja na vijana waliomaliza shule juzi. Umesema pia kwamba mkeo, ambaye alitangulia huko kwa kazi ya uuguzi na tayari ana leseni yao, anakuhimiza kila jioni, nawe umechoka kuhimizwa. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Mkeo yuko sawa, wala sikuandikii kwa sababu ameniomba nimtetee. Alichofanya ni kunitumia sheria zao za barabarani, ambazo mimi mwenyewe nilimwomba, nami nimezisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, jinsi mzee asiye na safari anavyosoma.

Leseni ya Kenya inakuruhusu kuendesha gari dogo huko kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuwa mkazi. Zipo nchi ambazo leseni zao hubadilishwa kwa ya Uingereza bila mtihani, na katika orodha hiyo nimeziona Afrika Kusini na Zimbabwe, lakini Kenya haimo. Jambo hilo liliniudhi hata mimi. Hata hivyo, kinachowaponza wengi ni kudhani kwamba miezi 12 ni muda wa kuanza kushughulika, ilhali ni muda wa kuwa umekwisha kufaulu. Ukiomba leseni yao ya muda, ile ya wanaojifunza, sasa, ungali ndani ya miezi hiyo, unaendelea kuendesha kwa haki ya leseni yako ya nyumbani, bila kibao cha herufi L na bila msimamizi. Miezi ikipita kabla hujafaulu, unakuwa mwanafunzi kamili: vibao mbele na nyuma, na pembeni yako lazima akae mtu aliyetimiza miaka 21 na ambaye amekuwa na leseni kamili kwa miaka 3. Mkeo alipata leseni ya huko mwaka jana tu, na miaka yake ya kuendesha Kenya haihesabiwi katika hiyo 3. Kwa hiyo hata yeye hataweza kukusimamia, na gari lenu litakaa mlangoni wakati wewe unasubiri basi alfajiri kwenda kwenye hayo maghala unayotafutia kazi.

Usiahirishe kwa kuwa umeona miezi bado imebaki. Huwezi kuweka tarehe ya mtihani wa barabarani kabla hujafaulu ule wa nadharia, na ukishafaulu, foleni ya huo wa barabarani katika vituo vingi ni ya miezi kadhaa. Nasikia kuna watu wanaojinunulia nafasi mapema na kuziuza kwa bei ya kuruka, kama wale waliokuwa wakiuza tiketi za mabasi Mwembe Tayari wakati wa Krismasi. Usiwape hata senti. Lipa kwenye tovuti ya serikali yenyewe: pauni 34 kwa leseni ya muda ukiomba kwa mtandao, pauni 23 kwa mtihani wa nadharia, na pauni 62 kwa wa barabarani siku za kazi.

Mtihani wa nadharia usiudharau. Sisi huku tulizoea kusimama mbele ya ule ubao wenye mji mdogo, tukisukuma kigari cha kuchezea huku afisa akiuliza unaingiaje kwenye mzunguko, na mtu mwenye ulimi mwepesi alipita. Huko unaketi mbele ya kompyuta na maswali 50, unapewa dakika 57, na lazima upate 43. Kisha huja video 14 za barabarani ambapo unabofya mara tu unapoona hatari inaanza kujitokeza. Alama zote ni 75 na za kupita ni 44. Ukifaulu sehemu moja na kuanguka nyingine, umeanguka zote mbili. Ukibofya ovyo ukitumaini kubahatisha, kompyuta inakugundua na kukupa sifuri kwa video hiyo. Tangu mwaka 2014 hakuna tena mkalimani wala sauti ya lugha za kigeni. Ni Kiingereza au Kiwelisi. Kiingereza unakijua, lakini Kiingereza cha maswali ya sheria si kile cha mazungumzo, kwa hiyo soma ukiwa na kalamu mkononi, na kila neno usilolielewa mwulize mkeo papo hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Wakenya wengi hufurahi wakiona kwamba Waingereza nao huendesha upande wa kushoto, wakadhani kazi imekwisha. Mimi naona huo ndio mtego, kwa kuwa barabara inafanana na ya kwetu lakini lugha ya madereva ni tofauti kabisa. Kumbuka jinsi tunavyosafiri kutoka Mariakani hadi Malaba. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kushoto kwenye mlima, dereva anakwambia njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia, anakwambia tulia, kuna gari linakuja. Huko, indiketa ya kushoto ina maana moja tu, kwamba gari linakwenda kushoto, na wewe ukilipita kwa mazoea yetu utakuwa umejiua au umemuua mwingine. Taa nazo ni vilevile. Sisi tukiwashiana taa tunaambiana kwamba polisi wako mbele, au nipishe, au pita wewe, au habari za siku nyingi. Sheria yao inasema taa huwashwa kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi. Na honi, ambayo kwa dereva wa matatu ni kama mkono wa tatu, haipigwi gari likiwa limesimama isipokuwa kuna hatari, wala haipigwi katika makazi ya watu kuanzia saa tano na nusu usiku hadi saa moja asubuhi.

Kisha kuna watembea kwa miguu. Mwaka 2022 walibadilisha sheria zao, na sasa ukikata kona kuingia barabara nyingine ukamkuta mtu anasubiri kuvuka, wewe ndiye wa kusimama. Anayeendesha baiskeli nafasi yake ni angalau mita moja na nusu unapompita, na zaidi ukiwa na mwendo mkubwa. Najua utacheka ukikumbuka jinsi watu wanavyovuka mbio pale Kibarani wakiomba dua. Usicheke mbele ya mtahini.

Mkeo ameniambia kwamba Milton Keynes, huko mnakokaa, ni mji uliopangwa kwa mistari, barabara zilizo sambamba zikipewa herufi H na nambari, zinazozikata zikipewa V, na karibu kila zinapokutana kuna mzunguko. Kwenye mizunguko ndipo madereva wetu wazoefu huanguka, kwa sababu sisi huingia kwa ujasiri na anayesita ndiye hupisha. Huko unampisha anayetoka kulia, unachagua njia yako kabla hujafika, na unapokaribia kutoka unawasha indiketa ya kushoto baada ya kuipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako. Baadhi ya barabara hizo huruhusu maili 60 au 70 kwa saa, kisha unakata kona moja na kujikuta mtaani penye 30, ambazo ni kama kilomita 48. Kuendesha polepole mno pasipo sababu nako huhesabiwa kosa, nami najua wewe ukiwa na wasiwasi hukanyaga breki.

Mtihani wenyewe ni wa dakika kama 40. Kabla hamjaondoka utasomeshwa nambari ya gari lililo umbali wa mita 20, na ukishindwa kuisoma huondoki hapo, kwa hiyo yale macho unayoyakunja ukitazama televisheni nenda ukayapime kwanza. Makosa madogo 15 wanakuvumilia, lakini kosa moja kubwa limekuangusha hata kama mengine yote umeyafanya sawa. Geuza shingo kabisa unapotazama kioo, ili mtahini akuone ukitazama. Dereva mzoefu huona kwa pembe ya jicho, na mtahini hawezi kuandika kile ambacho hakukiona.

Tafuta mwalimu wa huko aliyeidhinishwa, hata kwa masomo machache. Nakuomba usimfanye mkeo mwalimu wako. Si kwamba hajui; anajua sana. Lakini nimeona ndoa nyingi zikigombana ndani ya gari kuliko jikoni, na wewe una kiburi cha usukani ambacho, bila shaka, umekirithi. Mgeni aliyelipwa akikwambia umekosea utasikia. Mkeo akikwambia utakumbuka kwamba ni yeye anayelipa kodi ya nyumba kwa sasa, na hapo mazungumzo yatakuwa ya kitu kingine. Si aibu mwanamume kumfuata mke aliyepata kazi, na si aibu kukaa kiti cha abiria kwa muda huku yeye akiendesha. Wajomba zako wakisema vinginevyo, nitawajibu mimi.

Usiguse gari hilo kabla jina lako halijaingia kwenye bima. Kamera zao zinasoma nambari za magari, na kuendesha bila bima hutozwa pauni 300 pamoja na alama 6 za adhabu kwenye leseni. Kushika simu ukiendesha nako ni alama 6. Dereva mpya akifikisha alama 6 ndani ya miaka 2 tangu afaulu, leseni inafutwa na anaanza upya na nadharia, na miaka yote ya matatu haimsaidii. Tena ninyi mko huko kwa viza, na fomu za viza huuliza kuhusu makosa ya namna hiyo.

Kuhusu pesa, nimezungumza na mama yako. Usitume kitu mwezi huu wala ujao. Lipa ada hizo, lipa mwalimu, na ikibaki mnunulie mkeo viatu vizuri vya kazini. Bati la jikoni halivuji kiasi hicho. Ukipata tarehe ya nadharia nitumie, pamoja na maswali yatakayokushinda katika mazoezi, kwa kuwa nami ninayafanya hapa jioni na jana nilipata 41.

Mkwe wangu mpe salamu zangu zote.

Ni mimi baba yako