Barua kwa somo yangu wa Malindi

Langoni, Lamu

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai mama hajambo na goti lake limepoa. Huku sote wazima, kusi limeanza kupungua nguvu na vyombo vinatoka bila wasiwasi.

Barua yako nimeisoma, kisha nikairudia. Waniuliza kama uache kazi ya dukani upange chumba kule Casuarina, uwauzie Waitaliano picha zako za kuchora. Mimi sasa ni zaidi ya mwaka tangu nifungue kichumba changu cha picha, uchochoro wa pili kutoka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa hiyo niache nikueleze kwa urefu. Chumba panga, somo yangu. Lakini usikipange kwa kuwatazama Waitaliano peke yao, kwa sababu kilichonilipia kodi mwaka huu ni pesa za watu wa hapa hapa.

Nilifungua wakati wa kaskazi, mji umejaa wageni. Walinunua, siwezi kusema hawakununua: vipicha vya punda, vya vichochoro, vya forodhani jua linapotua. Ila mgeni anayeondoka kwa ndege ndogo za uwanja wa Manda mara nyingi haruhusiwi mzigo zaidi ya kilo 15, kwa hiyo picha kubwa huiangalia, akaisifu, akaiacha ukutani. Nikaanza kuwauzia bila fremu, nimeikunja ndani ya bomba la plastiki lile la mafundi wa maji. Hapo zikaenda. Hoteli moja ilinichukulia picha kadhaa kwa makubaliano kwamba katika kila mia wao wabaki na arubaini. Arubaini zao walizichukua siku ile ile, sitini zangu nilizifuata miezi. Ukiweka kazi kwenye hoteli, andikianeni tarehe ya malipo, na usiwape picha nyingine kabla ya ile ya kwanza kulipwa.

Kisha masika ikaingia. Unajua hoteli kadhaa za Shela, kijiji jirani yetu, hufunga mwezi wa tano na wa sita. Usita ukabaki wetu wenyewe, na mwenye nyumba wangu hajui masika wala kaskazi, yeye anajua tarehe tano.

Katika miezi hiyo ndipo alipoingia mama mmoja wa mtaa wa Mkomani. Bintiye alikuwa anaolewa Mombasa, vyombo vimeshanunuliwa, dhahabu imeshapatikana. Akaniuliza, “Mwanangu, waweza kunichorea mlango wetu?” Alitaka bintiye aondoke na mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Nikahamia kwenye baraza ya jirani yao, asubuhi kabla jua halijapanda. Mlango wenyewe ni wa zamani, mfaa wake, ile nguzo ya katikati, umenakshiwa maua kutoka juu hadi chini, na pembezoni nakshi ya mnyororo. Lakini mama hakujali sana maua. Alinionyesha sehemu ya chini, usawa wa mkono wa mtoto, ambapo mbao imelainika ikang'aa kwa kusukumwa miaka yote. Akanionyesha pete ya chuma ambayo marehemu mumewe alikuwa akiigonga mara tatu akirudi kutoka sala ya alfajiri. “Hiyo pete usiikose,” akasema, akaingia ndani haraka. Ile pete niliichora mwisho, peke yake, kwa brashi nyembamba kuliko zote nilizo nazo, na hadi leo ndiyo sehemu ya kazi yangu ninayoipenda kupita zote.

Alinilipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, shilingi 8,000 zote zikatimia kabla ya nikaha. Picha ikawekwa chumbani kwa bibi harusi, wanawake wakaiona, na mimi sijabandika tangazo popote mpaka leo. Nimechora milango mingi tangu hapo. Wengine ni watu waliohamia Mombasa na Nairobi, wanapiga simu kuomba mlango wa bibi yao kabla nyumba haijauzwa.

Wa pili lazima nikusimulie ni nahodha mmoja mzee. Mashua yake ilikuwa imechoka, wanawe wamenunua boti ya faiba yenye injini. Alikuja na kipande cha tanga lake begani akauliza kama rangi inashika juu ya kile kitambaa. Inashika, ukikiandaa. Tanga limekunywa chumvi, na chumvi huvuta unyevu, na unyevu hubandua rangi. Kwa hiyo hulowekwa na kusuuzwa kwa maji matamu tena na tena, mpaka ukionja tone la mwisho ulimi usihisi kitu. Maji yetu yanatoka visima vya michanga ya Shela na hayachezewi, basi nasubiri mvua nakinga mapipa. Kikishakauka nakiwamba kwenye fremu na kukipaka rangi nyeupe ya msingi, nyembamba, ili mishono na viraka vibaki vikionekana.

Mzee alikuwa akija kila baada ya alasiri. Anakaa, anakunywa kahawa, ananiambia foromali, mti unaobeba tanga, ilivyolala, demani, kamba ya tanga, ilivyokazwa, jicho la omoni, mbele ya chombo, lilikuwa na rangi gani kabla ya kufifia. Alitaka kila kamba iwe inafanya kazi yake. Siku ya kuichukua aliweka kidole kwenye kiraka kimoja juu ya kitambaa, akasema, “Hiki nilikishona mwenyewe, tuko Kizingitini.” Tangu hapo mabaharia huniletea matanga yao makuukuu kwa bei ya urafiki, na baadhi yao wameweka oda.

Kuna jambo huko pia utalikuta. Nyumba nyingi za watu wetu hazitaki picha ya uso wa mtu ukutani, na mimi naliheshimu hilo kwa moyo wote. Wanataka mlango, chombo, mnazi, msikiti wa mtaa wao. Na wanataka aya za Qurani. Aya siitoi dukani kabla maalim hajaikagua herufi kwa herufi na harakati zake, zile alama za irabu, naye hakubali malipo, hukubali halua. Siku za Maulidi, msikiti wa Riyadha unapojaa watu kutoka pwani yote, na wiki ya mwisho ya Ramadhani watu wanapopamba nyumba kwa ajili ya Idi, aya ndizo zinazotoka zaidi.

Kuhusu bei: andika gharama za rangi, kitambaa, fremu na kodi, halafu ujilipe saa zako kama vile ungemlipa fundi mwingine. Usikubali kupatana bei kabla hujajua ni bei gani ambayo chini yake ni hasara. Oda yoyote, nusu mkononi kwanza. Anayelipa kwa awamu andika kwenye daftari mbele yake, tarehe na kiasi, naye aone. Kibali cha kaunti chukua mapema, uwe umekitundika.

Tena, angalia kuvu. Kuta za mawe ya matumbawe zinapumua unyevu, na picha iliyobanwa ukutani huota madoa nyuma msimu wa mvua. Mimi nagongomea vijiti viwili vidogo kwenye pembe za chini za fremu ili hewa ipite nyuma yake. Fremu zenyewe natengenezewa kwa vipande vinavyobaki kwa mafundi wa milango, na mteja akijua mbao ya fremu yake imetoka karakana ile ile ya milango, hufurahi sana.

Basi tazama Malindi yako kwa jicho hilo. Nguzo ya Vasco da Gama wataichora wengine, na wageni wakija watakukuta. Wewe anza na Shella yenu ya mjini, na wavuvi, na walimu na wauguzi wanaojenga nyumba zao za kwanza na kuta ziko tupu. Waulize wangetaka kuona nini wakiamka.

Ijumaa nitampa mtu wa boti furushi alifikishe Mokowe, ng'ambo ya bara, lipande basi la Malindi. Ndani mna tanga nililokwisha kulisuuza, latosha picha kama nne. Nawe nipigie picha kazi zako ulizo nazo, kila moja na bei uliyoifikiria, unitumie kabla hujatia sahihi kwa mwenye chumba. Na umuulize ukuta wa nyuma unavuja au hauvuji.

Wako akupendaye,
Somo yako wa Langoni