Usimsomee Hamza saki

Columbus, Ohio
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mbaraka,

Asalaam alaykum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatutia adabu; hofu ni kwenu mlio mbali na macho yetu. Mama Zuhura kasema nisisahau kukwambia mahamri yamefika salama, isipokuwa yale ya chini yaliyopondeka, na hayo tumeyala vilevile.

Sasa nije kwenye lako. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza nikashika kichwa. Yaani Hamza kamaliza msimu wa futiboli ya Kimarekani na saki mbili (saki ni kumwangusha kwotabeki, yule mrushaji mpira, kabla hajaurusha), wewe ukamwambia mezani, mbele ya wadogo zake, kwamba mtoto wa jirani anazo tisa? Mbaraka! Mtoto katoka uwanjani mbavu zinamuuma, baba yake anamsomea hesabu!

Video nimeitazama. Hebu nenda robo ya tatu, pale wapinzani wanapobadilisha mpangilio kabla mpira haujaanza. Usimwangalie kwotabeki. Najua jicho linakimbilia mpira, sote tumekulia kwenye soka. Mwangalie Hamza peke yake. Mpira unaguswa, keshaondoka. Anaipangua mikono ya lile pande la mtu linalomzuia, anashusha bega apite chini yake, na hajamaliza kupita anatokea wa pili kumgonga mbavuni. Watu wawili kwa mtoto mmoja, na bado kafika! Kwotabeki kamwona, kaurusha mpira kabla hajajipanga, umeangukia kwa wabeba maji. Kwenye karatasi ya takwimu, hapo Hamza ana sifuri. Na yule wa jirani upande wa pili amekabiliwa na mtu mmoja tu, kwa sababu yule wa ziada yuko kwa mwanao.

Utasema haya ni maneno ya shabiki wa Cleveland. Najua 2023 bado inakuuma: T.J. Watt wa Pittsburgh ana saki 19, anaongoza NFL nzima, ligi kuu ya Marekani, halafu tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi inakwenda kwa Myles Garrett wetu wa Cleveland mwenye 14. Mimi sisemi Watt alidhulumiwa au hakudhulumiwa (hakudhulumiwa, ila tuyaache, Shabani akisikia hatulali). Lakini kama ingetosha kusoma ile safu ya saki, kura zingepigwa za nini?

Mwaka huohuo Khalil Mack wa Chargers alipata saki sita katika mechi moja dhidi ya Raiders. Ukiuliza kwotabeki alikuwa nani, utaambiwa ni Aidan O'Connell, kijana mgeni anayeanza mechi yake ya kwanza. Mack alimaliza msimu na 17, kwa hiyo zaidi ya theluthi yake ilitoka mchana mmoja. Simdharau, sita ni sita. Lakini kwotabeki anayeng'ang'ania mpira anagawa saki kwa kila apitaye, na anayeuachia haraka anawanyima hata mabingwa.

Na kubwa kuliko zote ni ya Aaron Donald wa Rams, Februari 2022. Super Bowl, yaani fainali ya ligi, Rams wako mbele 23 kwa 20, imebaki chini ya dakika moja, Bengals wako dauni ya nne, jaribio lao la mwisho, na wanahitaji yadi moja tu. Donald anapenya katikati, anamkamata Joe Burrow, kwotabeki wao, anamzungusha, na Burrow anautupa mpira huku anaanguka. Hakuna aliyeudaka. Mchezo umekwisha, Donald anakionyesha kidole cha pete, pete ya ubingwa. Ile si saki, Mbaraka! Mpira ulishatoka mkononi. Ukifuata hesabu yako ya mezani, mtu kaamua ubingwa na hakufanya kitu.

Siku hizi wachezaji wa NFL wanavaa vifaa vidogo mabegani vinavyofuatilia kila hatua, na ESPN, televisheni ya michezo, wanatazama kama mvamizi amempita mzuiaji wake ndani ya sekunde 2.5, saki iwepo isiwepo. Hiyo naipenda zaidi, ingawa nayo ina matobo yake. Ukikutana na kwotabeki mwenye mbio kama Lamar Jackson, kocha anaweza kukwambia usivamie kichwakichwa, funga njia ya nje, asitoke. Ukitii, unaonekana hukumpita mtu. Na huko kwenye ligi za shule nusu ya makwotabeki ni wakimbiaji watupu! Hapo ndipo nashuku kisa cha Hamza kilipo. Mara nyingi naona anafika usawa wa kwotabeki halafu anasimama makusudi, mikono wazi, anamrudisha ndani kwa wenzake. Nani kazipata zile saki za katikati? Nadhani unamjua, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwako.

Nilitaka pia kukwambia habari ya lile gari, lakini hiyo nitakupigia.

Basi nijibu haya. Kocha anamwagiza nini hasa, avamie au afunge nje? Umewahi kumuuliza Hamza mwenyewe, au unamuuliza idadi tu? Lile bega la kushoto limepona, maana naona analikwepesha? Unaweza kunipatia video ya mechi ya mvua, ile iliyopigwa kutoka juu, nihesabu ni mara ngapi alitumiwa watu wawili? Nitaiandika yote kwenye karatasi, umpelekee kocha kabla hajapanga kikosi cha mwakani. Na huyo mtoto wa jirani anakabiliwa na nani hasa, mbona kila nikimwona yuko peke yake na njia nyeupe? Halafu, Hamza kakubali kula na wewe meza moja au bado anabeba sahani chumbani?

Mwambie amu yake anamsalimu, na simu yangu iko wazi.

Wako,
Seif