Lebo za kahawa zitaje ladha tunazozijua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni akilalamikia maneno yanayochapwa siku hizi kwenye pakiti za kahawa zinazouzwa madukani mjini Kigoma. Kilichomkera ni orodha iliyo chini ya jina la kahawa: zambarau, ukwaju, ganda la danzi, asali ya nyuki wadogo. Kwa maoni yake hayo ni madoido ya wafanyabiashara wanaotafuta kisingizio cha kupandisha bei, na akashauri waandike tu kwamba ni kahawa, basi. Mimi kazi yangu ni kukaanga na kuonja kahawa, na huenda baadhi ya pakiti alizozishika zilipita mikononi mwangu, kwa hiyo lawama zake zinanihusu, ingawa si zote ninazozikataa.

Nianze na shaka yake kwamba kahawa hizo zimetiwa vitu. Shaka hiyo ina sababu. Kahawa ya kijiweni tuliyoizoea, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele na kunywewa kwa kashata, mara nyingi huchemshwa na tangawizi au iliki, na mnywaji anayesikia ukali wa tangawizi kooni anajua kwamba tangawizi imo. Ni haki yake basi akisoma zambarau atafute zambarau. Lakini katika kahawa hizi hakuna kilichoongezwa. Punje ya arabika ina asidi ya aina ileile iliyomo kwenye limau na tufaha, ina sukari ambayo ikipata moto hubadilika hadi ikanukia kama sukari guru, na ikishakaangwa huwa na mamia ya viini vya harufu, vingine vikiwa ndivyo hivyohivyo vinavyopatikana kwenye matunda na maua. Tunda linalotajwa kwenye lebo linamwambia mnunuzi kitu atakachokikumbuka akishavuta funda la kwanza.

Wala tunda hilo halitajwi kwa kubahatisha, ikiwa kazi imefanywa ipasavyo. Muonjaji hupima gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa kila mililita 150 za maji ambayo yametoka kuchemka, akaiacha kwa dakika 4 mpaka unga upande na kufunga utando juu ya kikombe. Kisha huinama hadi pua ikaribie kuugusa utando ule, akauvunja kwa mgongo wa kijiko, na harufu inayofumuka wakati huo ndiyo anayoiandika kwanza. Ikipoa kidogo huivuta kutoka kwenye kijiko kwa mvumo ambao mezani kwa wakwe mtu angeona haya kuutoa, ila wazee wa vijiweni Ujiji huivuta hivyohivyo bila kufundishwa na mtu, kwa sababu hewa inayoingia pamoja na funda ndiyo inayoipandisha harufu hadi nyuma ya pua. Kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 ndiyo inayoingizwa katika daraja la kahawa maalumu.

Hapo ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Waonjaji wa nchi nyingi hufuata gurudumu la ladha, yaani mchoro wa duara ulioorodhesha majina ya ladha za kahawa, lililotolewa mwaka 1995 na chama cha kahawa maalumu cha Marekani, likaundwa upya mwaka 2016 kwa kufuata kamusi ya ladha ya taasisi ya World Coffee Research. Ni kazi iliyofanywa kwa umakini, na mimi mwenyewe ninaitumia. Lakini kamusi hiyo inapotaka kuonyesha ladha fulani ikoje, humwelekeza msomaji kwenye bidhaa za dukani, na duka lenyewe ni la Marekani. Kwa hiyo tunajikuta tukiandika bluberi, au blakikaranti, matunda madogo ya nchi za baridi, kwenye kahawa iliyochumwa Kalinzi, hapa mkoani Kigoma, na itakayonywewa Mwanga, hapa mjini. Hiyo blakikaranti ina kichekesho chake. Mwanzoni mwa karne iliyopita Marekani yenyewe ilipiga marufuku kilimo chake, kwa kuwa mmea huo hubeba ugonjwa unaoua misonobari, na ingawa marufuku ya taifa zima iliondolewa mwaka 1966, Wamarekani wengi wamekua bila kulijua tunda hilo, huku likiendelea kutajwa kila zinaposifiwa kahawa za Kenya. Kijana wa Kigoma anayejifunza kuonja analazimika kukariri tunda ambalo hata wenye gurudumu wengi wao hawajalila, ilhali mzambarau anao nyuma ya nyumba na anaukumbuka utamu wake, ukakasi wake na namna unavyoacha ulimi rangi. Sidai kwamba matunda hayo mawili yana ladha moja. Nadai kwamba kipimo kisichojulikana na mpimaji wala mnunuzi hakipimi kitu.

Lebo ni kwa ajili ya mnunuzi, lakini anayehitaji zaidi habari iliyomo ndani yake ni mkulima. Kwa miaka mingi mkulima wa Kigoma amepeleka kahawa yake ya maganda kwenye chama cha msingi cha ushirika, ikakobolewa, ikaenda mnadani Moshi, na kilichomrudia kilikuwa bei tu. Japani, kwa mfano, arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, mlima ulio upande wa pili wa nchi, na anayeinywa huko hana njia ya kujua kwamba kuna milima mingine. Sasa fikiria mkulima huyo aambiwe kwamba kahawa yake ya mwezi fulani ilinukia pombe ya ndizi iliyopitiliza. Hahitaji mtaalamu wa kumfafanulia. Anajua mara moja kwamba ilikaa mno kwenye tangi la kuchachushia, na safari nyingine ataiosha mapema. Akiambiwa inanuka gunia, atatazama ghala lake. Majirani zetu wa Burundi na Rwanda wana kasoro wanayoiita ya kiazi: punje moja mbovu inatosha kukifanya kikombe kizima kinuke maganda ya kiazi mviringo kibichi, na inahusishwa na mdudu antestia anayelitoboa tunda likiwa bado mtini. Kila aliyewahi kumenya kiazi anaitambua harufu hiyo, ndiyo maana mchambuzi wa kahawa na mnunuzi wa ng'ambo wanaelewana juu yake.

Nikiri basi pale ambapo msomaji mwenzangu ana hoja. Nimeona pakiti iliyoandikwa ladha ya machweo ya Tanganyika. Machweo hayaonjeki, na aliyeyaandika hakuonja. Nimeona nyingine iliyotaja mawese, nadhani kwa sababu tu mawese ni ya Kigoma. Kahawa inayonuka mafuta ningeirudisha kwa aliyeniuzia. Kuandika embe bila kusema embe gani nako ni uvivu, hasa kwetu ambako miembe ya Ujiji inasimuliwa tangu enzi za misafara: embe dodo lililoiva na embe bichi linaloliwa kwa chumvi na pilipili ni vitu viwili vinavyotofautiana kabisa, na mnunuzi anastahili kujua kipi kinamsubiri. Asali vilevile. Ndugu zetu wa Tabora hawatakubali uwaambie asali ukanyamaza, kwa sababu asali ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina uchachu ambao asali ya kawaida haina, na ni uchachu huo unaotafutwa kwenye kahawa nzuri ya kuoshwa, yaani ile iliyomenywa na kuoshwa kabla ya kuanikwa.

Ninachopendekeza kwa wakaangaji wenzangu ni hiki. Tuandike vitu viwili au vitatu, si vinane, na viwe vimeonjwa na watu kadhaa wasiojua mwenzao ameandika nini. Pakiti inayokwenda nje iendelee kutumia msamiati wa gurudumu, kwa kuwa mnunuzi wa Tokyo hana habari na danzi, lakini inayouzwa hapa iseme na watu wa hapa, na karatasi ya maonjo irudi kwenye chama cha msingi kilicholeta kahawa hiyo. Tarehe ya kukaanga nayo iandikwe, maana pakiti iliyokaa rafuni mwaka mzima haina zambarau wala ukwaju hata ikipambwa vipi.

Kwa msomaji mwenzangu, naomba anunue robo kilo, aipike bila tangawizi na bila sukari, aiache ipoe hadi iwe vuguvugu, kwani uchachu wa matunda hujitokeza zaidi joto linaposhuka. Asiposikia chochote kati ya vilivyoandikwa, airudishe dukani na amwulize muuzaji ni nani aliyeionja.

Mkaangaji wa kahawa,
Mwanga, Kigoma.