Umeshinda Tenda? Usinunue Mbao Bado

Mteja wetu mmoja, fundi wa samani, alitujia na barua ya kaunti mkononi, uso umemkunjuka kwa furaha. Alikuwa ameshinda tenda ya madawati ya shule. Hatujaimaliza kuisoma, akatuambia ameshachukua mbao za saiprasi kwa mkopo. Siku ya kumi na mbili mzabuni aliyeshindwa akapeleka malalamishi, na shughuli yote ikasimama. Mbao zikalala nje chini ya turubai, mvua ya masika ikazipinda, riba nayo haikusimama.

Barua ile si mkataba. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya 2015 inasema hivyo waziwazi. Mkataba hautiwi saini kabla ya siku 14 kupita tangu taarifa itolewe, na siku hizo zimewekwa makusudi ili asiyeridhika aende kwa bodi ya kutathmini malalamishi ya zabuni, PPARB. Bodi ikishapokea ombi, afisa mhasibu, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha na ununuzi wa taasisi iliyotangaza tenda, huarifiwa kwamba mchakato umesimamishwa. Bodi ina siku 21 za kuamua. Anayepinga uamuzi ana siku 14 za kufika Mahakama Kuu, ambayo hupewa siku 45. Kisha siku 7 za kukata rufaa, na Mahakama ya Rufaa siku 45 nyingine. Jumlisha: siku 132. Ni mkopo gani wa mbao utakusubiri miezi minne?

Ukiwa mshindi, usikae kando ukidhani huo ni ugomvi wa kaunti na mlalamishi. Wewe pia ni mhusika katika shauri, kwa hiyo jibu kwa maandishi. Angalia pia zabuni yako na dhamana yake ya benki zinaisha nguvu lini, kwa sababu afisa mhasibu anaweza kuongeza muda wa zabuni mara moja tu, usiozidi siku 30.

Na ukiwa umeshindwa, una haki ya kuelezwa sababu. Sababu hiyo ndiyo tunayoisoma kwanza. Ikiwa uliambiwa uziwekee kurasa zote nambari ukasahau, tutakwambia ukweli: usipoteze ada ya kupeleka malalamishi. Lakini wakikuangusha kwa kigezo ambacho hakikuwamo kwenye hati za tenda, hapo una kesi, na tunakuhimiza uende. Wengi wanaodhulumiwa hivyo hunyamaza wakihofia kunyimwa kazi mwaka ujao, na hilo linatuuma sana. Wengine huja siku ya kumi na tano, wakati Bodi haiwezi tena kuwasikiliza.

Kwa hiyo tuletee barua siku hiyohiyo uliyoipata, pamoja na hati zote za tenda na baruapepe inayoonyesha ilikufikia lini. Kuisoma mara ya kwanza hatutozi chochote.