Dada Akello, naomba msaada kabla ya Ijumaa

Tororo, Jumanne usiku

Dada Akello,

Habari za Arua? Mama hajambo? Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Wasswa, na una haki ya kunisema. Niseme baadaye. Kuna jambo linanikosesha usingizi, na wewe ndiye mwenye Kiingereza.

Tuliwapa S3, kidato cha tatu, sentensi hii wajaze: "You will get to Kampala sooner than I ___." Nusu ya darasa wameandika "will", wengine "do". Mwongozo wa kusahihisha una "do" peke yake, basi mkuu wa idara amezifyeka "will" zote kama magugu. Anasema baada ya "than" wakati ujao hauingii, kama vile hauingii baada ya "when" na "if". Hiyo kanuni ya "when" na "if" naikubali, lakini nani aliihamishia kwenye ulinganisho? Kwenye "than" Waingereza wanaruhusu zote mbili! Na waliokatwa wengi ni wale watoto wa kambini, wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Sisi husema "utafika mapema kuliko nitakavyofika", wakati ujao huku na huku. Kwa mara moja Kiswahili kimemfikisha mtoto mahali sahihi, halafu anapigwa kosa.

Sijamaliza. Swali la pili, nililitunga mwenyewe kwa fahari: mwaka 2020 kule Valencia, Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00, akaivunja 26:17.53 ya Bekele ya mwaka 2005. "Cheptegei ran faster in 2020 than Bekele ___ in 2005." Watoto: "did". Mzee anataka "had run" tu, eti la zamani zaidi lazima livae "had". "Had run" si kosa, lakini miaka yote miwili imeandikwa pale! Nani atakosa kujua yupi alitangulia?

Ninavyoona mimi, kila upande wa "than" una saa yake. "She is taller than I was at her age": yeye leo, mimi zamani, na hakuna anayelalamika. Wakati ujao tu ndio wenye hiari, unaweza kuazima umbo la sasa au ukabaki na "will". Nilimweleza hivyo kwenye kikao akaniuliza kama nimekunywa chai. Oboth akacheka, msaliti yule.

Matokeo yanatolewa Ijumaa, na kuna binti mmoja anayekosa daraja kwa hizo alama mbili, nilitaka kukwambia habari zake lakini umeme unasumbua.

Wewe uliyesahihisha mitihani miaka yote hiyo, mlikuwa mkikubali "will"? Unaweza kuniandikia mistari miwili mitatu nimwonyeshe? Au akiona jina lako atazidi kukasirika? Kile kitabu changu cha sarufi bado unacho, au umempa mtu? Na likizo unashuka huku lini?

Ndugu yako,
Wandera