Mwanangu, mkopo sio aibu

Marahaba baba. Salamu zako za jana nimezipata ila sauti ile haikuwa yako, toka tumekata simu sijatulia, ndo maana naandika, maana kwenye simu ukianza kulia na mimi naanza alafu hatuelewani. Umesema klabu wanakutoa kwa mkopo uende daraja la pili mpaka mwisho wa msimu, na kwamba huku mtandaoni washaanza kusema dogo kafeli, dogo kapotea. Nimezisoma. Nimezisoma zote hadi zile za matusi. Sasa nisome na mimi mama yako, ambaye nimekaa na huu mpira wako toka uko peku unacheza ndondo hapa Mbagala.

Wanaokuandika leo ndo wale wale walimuandika Mbwana Samatta, yule straika wetu wa Taifa Stars, kila alipohama. Nataka nikukumbushe safari yake yote, sio kile kipande cha Aston Villa ya England tu ambacho kila mtu anakijua, yote, kwa sababu we mwenyewe ulikuwa na picha yake ukutani lakini sidhani kama umewahi kukaa ukaipanga miaka yake kichwani.

Kaanza African Lyon, akaenda Simba, Simba wakakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Congo, kwenye Klabu Bingwa Afrika 2011, Mazembe wakamuona wakamchukua. Akakaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Mitano baba! Kule alikuwa na nafuu moja ambayo wewe huna, Lubumbashi wanaongea Kiswahili, sio hiki chetu cha Dar lakini ukiomba maji unapewa maji, kwa hiyo alikomaa akiwa mbali na nyumbani bila huo ububu unaokutesa wewe sasa hivi. 2015 wakabeba Klabu Bingwa, fainali na USM Alger kafunga kule Algeria na kafunga tena nyumbani, na Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya Afrika, Mtanzania wa kwanza kuipata. Ndo mwezi huo huo akaenda Genk, Ubelgiji, kashatimiza miaka 23. We una 20 unaniambia umechelewa.

Genk mambo yalimnyookea, hilo halina ubishi. Msimu wa 2018/19 wakachukua ubingwa, akapewa Kiatu cha Ebony, ile tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya Ubelgiji. Novemba 2019 akaenda Anfield akawafunga Liverpool kwa kichwa, Genk wakapoteza 2-1 lakini hapa mtaani ulisikia makelele yale, we ndo ulikuwa unarukaruka juu ya kochi.

Sasa hapa soma taratibu. Unajua kwa nini Villa walimnunua Januari 2020? Kwa sababu straika wao Wesley aliumia goti tarehe 1 Januari kwenye mechi na Burnley. Wangekuwa na straika mzima sijui kama simu ile ingepigwa mwezi ule. Akafika, mechi yake ya kwanza ya ligi ugenini kwa Bournemouth akafunga, Mtanzania wa kwanza kufunga Ligi Kuu ya England, tarehe 1 Machi akafunga tena Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi na Manchester City. Alafu korona ikafunga kila kitu, mpira ukasimama kama miezi mitatu, waliporudi timu nzima inapigania isishuke daraja na ikabaki kwa pointi moja tu siku ya mwisho. Septemba Villa wakatoa hela nyingi wakamleta straika mwingine, Ollie Watkins, na mwezi huo huo Samatta akaondoka kwenda Fenerbahçe ya Uturuki. Yani kaletwa kwa sababu ya goti la mtu mwingine, kaondoka kwa sababu ya usajili wa mtu mwingine. Mtu yule yule aliyefunga Wembley mwezi wa tatu, mwezi wa tisa hana nafasi, na miguu yake haijabadilika.

Ndo nachotaka ukishike. Mchezaji anayehamahama Ulaya nusu ya safari zake zinaamuliwa na vitu ambavyo hata hayupo chumbani vikizungumzwa, kocha kafukuzwa, mkurugenzi wa michezo mpya anataka watu wake, klabu ina madeni, kuna kijana wa akademi wanataka apate dakika ili wamuuze. Wewe uliniambia kocha aliyekusajili kaondoka Oktoba. Sasa mwanangu hiyo si ndo sababu yenyewe? Kwa nini unaigeuza kuwa hukumu juu ya kipaji chako?

Na mkopo, Samatta kaupitia mara mbili baada ya Uturuki. Fenerbahçe wakamtoa kwenda Antwerp ya Ubelgiji msimu wa 2021/22, msimu uliofuata wakamtoa tena, safari hii kurudi Genk, pale pale alipokuwa mfalme. Fikiria moyo unaotakiwa, kurudi kama wa kuazimwa mahali ulipobeba kombe. Na ule msimu ulivyoisha bado unaniuma, Juni 2023, siku ya mwisho, Genk wako nyumbani wanaongoza 2-1 dhidi ya Antwerp, ubingwa unanukia, dakika za nyongeza Alderweireld wa Antwerp akapiga shuti moja kutoka mbali, 2-2, Antwerp mabingwa. Klabu aliyotoka mwaka mmoja nyuma ndo ikabeba kombe mbele ya klabu aliyokuwa anaichezea. Mtu mwingine angekaa chini. Yeye akaenda PAOK, Ugiriki, na 2024 PAOK wakawa mabingwa wa Ugiriki. 2025 akasaini Le Havre, Ufaransa, ana miaka 32, umri ambao wengi huku washarudi wanafanya uchambuzi redioni. Ubelgiji, Uingereza, Uturuki, Ugiriki, Ufaransa, ligi tano za Ulaya, na kwa miaka mingi ya safari hiyo kitambaa cha unahodha cha Taifa Stars kilikuwa mkononi kwake.

Na sio yeye peke yake. McDonald Mariga wa Kenya, Januari 2010 alikuwa anaenda Manchester City kutoka Parma, kibali cha kazi kikakwama, siku hizo hizo Inter ya Italia wakamchukua, Mei akawa kwenye kikosi kilichobeba Ligi ya Mabingwa, na nusu fainali ya marudiano kule Barcelona aliingizwa dakika za mwisho wakiwa kumi uwanjani. Baada ya hapo nae mikopo, Real Sociedad, Parma tena, baadae Latina na Oviedo huko madaraja ya pili ya Italia na Hispania. Nani leo anamwita Mariga kafeli? Na huyu Novatus Miroshi wa kwetu, kapita Maccabi Tel Aviv ya Israel, Zulte Waregem ya Ubelgiji, akaenda Shakhtar ya Ukraine kwa mkopo na huko kwa mkopo ndo akacheza Ligi ya Mabingwa, 2024 akaenda Göztepe ya Uturuki. Kwa mkopo baba. Daraja la pili utacheza kila wiki na mechi zinarekodiwa, mtu wa klabu nyingine atakuona ukicheza, kwenye benchi ataona koti tu.

Kwa hiyo nenda. Ila usiende kama mzigo, na hapa naongea kwa ukali kidogo. Kabla hujasaini muulize wakala wako, na akujibu kwa maandishi sio kwa sauti ya WhatsApp, mshahara analipa nani, klabu yako au hao wapya au wanagawana, na nani analipa nyumba. Wanaweza kukurudisha katikati ya msimu au hawawezi. Ukiumia huko matibabu ni ya nani na unatibiwa wapi. Kuna kipengele cha kukununua, na kama kipo ni hiari au ni lazima, kwa sababu Samatta kwenda Fenerbahçe ilikuwa mkopo wa jina tu, kununuliwa ilikuwa lazima, hiyo ni habari tofauti kabisa na mkopo wa kwako. Na ukumbuke ukiuzwa nchi hadi nchi, klabu zote zilizokulea kuanzia miaka 12 hadi 23 zinagawana asilimia 5 ya ile ada ya uhamisho, ni sheria ya FIFA, kwa hiyo hakikisha rekodi za timu yako ya huku zimekaa sawa, yule mwalimu aliyekununulia viatu vya kwanza anastahili timu yake ipate.

Hela za kutuma nyumbani punguza mpaka utulie. Mimi nina kazi yangu, wadogo zako ada imelipwa mpaka Juni, na ndugu yeyote atakayekupigia kuhusu gari au kiwanja mwambie aongee na mama. Ile kozi ya lugha endelea nayo hata ukihama mji, kocha hawezi kumuamini beki asiyesikia anachoambiwa.

Mkataba ukiletwa piga picha kurasa zote nitumie, hata zile za lugha yao, kuna dada hapa kanisani mwanasheria kasema atatusomea bure. Umesema wanataka saini Ijumaa, basi nitumie kabla ya Jumatano jioni, saa za huku.

Mama yako